Majani mengi, mihogo hakuna: kwa nini filamu za maafa zinatuacha na njaa

Leo siandiki juu ya mbolea wala mbegu. Nataka kuongea juu ya filme. Musishangae: mwenye lisansi ya agronomia naye ana haki ya kuongea juu ya sinema, hasa kama sinema ndiyo iliyomuaibisha mbele ya kijiji chake.

Ilikuwa mwisho wa 2024. Munakumbuka mwaka ule: Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda tena, kama lilivyopanda 2020 na 2021, na kuanzia Uvira mpaka Baraka kulikuwa na nyumba zilizosimama ndani ya maji kama mitumbwi iliyofungwa. Huku juu nako, kila mvua kubwa ilishusha matope kutoka mlimani, ikipita katikati ya nyumba. Sisi vijana wachache tulikuwa na mpango wa kupanda vetiva na miti kwenye mteremko ulio juu ya kijito chetu, ili udongo ukae mahali pake. Tulikosa kitu kimoja tu: watu.

Basi nikapata wazo. Tuonyeshe filamu kwanza, tuongee baadaye. Tukaazima projekta, tukanunua esansi ya jenereta, tukatundika shuka jeupe ukutani. Nilichagua *2012*, ile ya Roland Emmerich iliyotoka mwaka 2009. Nilijiambia: wakiona maji yakipanda mpaka kwenye milima ya Himalaya, kesho yake watabeba majembe wenyewe.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mji wa Los Angeles ulipopasuka na kumwagika baharini, watu walipiga makofi. Wimbi lilipovuka milima, vijana walisimama na kupiga kelele: "Eeh! Hii filme iko kali!" Filamu ilipoisha nikasimama mbele, nikaeleza juu ya kijito chetu, nikauliza nani atakuja siku ya posho asubuhi. Mikono mingi ilipanda.

Siku ya posho walikuja watu watatu. Wawili ni watoto wa baba mdogo. Wa tatu alikuja kuuliza kama niko na *part two*.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza. Wale waliopiga makofi hawakuwa wageni wa maafa. Wengine walikuwa wamelala kwa jirani kwa sababu nyumba zao zilikuwa ndani ya ziwa. Iliwezekanaje waone dunia nzima ikizama, halafu watoke nje wakicheka, wasikumbuke lolote ila gari lililoruka juu ya ufa? Tena siyo wao tu. Ulizeni marafiki zenu waliotazama filamu hizi kubwa. Wengi watasema: picha ni za ajabu, lakini sijui, kuna kitu kimekosekana. Kitu gani? Nimekifikiria kwa akili ya kilimo, kwa sababu ndiyo niliyo nayo.

Pipa na ubao mfupi

Mlimaji yeyote wa Fizi anajua jambo hili. Ukipanda muhogo mahali pa jalala, penye samadi nyingi mno, majani yanapanda vizuri ajabu. Sombe utachuma mpaka uchoke. Lakini siku ya kung'oa, unakuta mizizi myembamba kama vidole. Chakula chote kimekwenda juu.

Chuoni tulifundishwa kanuni inayofanana na hiyo. Justus von Liebig, mkemia Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeieneza: mavuno hayaamuliwi na kirutubisho kilicho kingi, yanaamuliwa na kile kilichopungua kuliko vingine vyote. Walimu huichora kama pipa lenye mbao za urefu tofauti. Maji yatafika pale ubao mfupi unapoishia, hata kama mbao zingine zinafika mbinguni. Ukiongeza azoti kwenye shamba ambalo limekosa fosfori, umetupa pesa.

Sasa chukueni filamu ya maafa kama pipa. Ubao mmoja ni picha za kompyuta, mwingine sauti, mwingine wachezaji, mwingine hadithi, mwingine ukweli wa mambo. *2012* iligharimu kama dola milioni 200. *Geostorm* ya mwaka 2017, ambayo sehemu zake zilibidi zipigwe upya kabla ya kutoka, iligharimu kama milioni 120. *Moonfall* ya mwaka 2022, ambayo mwezi unaiangukia dunia, ilikula karibu milioni 140 na haikurudisha hata milioni 70 kwenye majumba ya sinema. Sehemu kubwa ya pesa hizo imerefusha ubao ambao tayari ulikuwa mrefu. Ubao mfupi ni hadithi, na maji yanamwagikia hapo.

Nisiwadanganye: *2012* iliuza sana, karibu dola milioni 790 duniani. Watu huenda kuona. Lakini kuuza tiketi na kushibisha mtazamaji ni mambo mawili. Hata soko la Baraka, mtu anaweza kununua samaki kwa kumwangalia macho, akafika nyumbani akagundua.

Juu ya nini ubao ule unabaki mfupi?

Musifikiri wenye filamu ni wajinga. Ni hesabu. Ukiweka dola milioni 200, lazima urudishe pesa kutoka Amerika, Uchina, Brazili, Ufaransa na kwingine kote. Jengo linaloanguka halihitaji tafsiri. Lakini mambo ya ndani ya familia, utani, aibu, deni la mtu kwa shemeji yake, hayo yanahitaji mtazamaji aingie ndani ya maisha ya mahali fulani. Hiyo ni hatari kwa mfanyabiashara. Kwa hiyo wanachukua mtu ambaye kila nchi inamfahamu: baba aliyeachana na mke wake.

Angalieni vizuri. Katika *2012*, baba ameachana na mke, na mke ana mwanaume mwingine. Katika *San Andreas* ya mwaka 2015, ile ya Dwayne Johnson, ni vilevile. Katika *Twister* ya mwaka 1996 mume na mke wako karibu kutia sahihi ya talaka. Na katika zile mbili za kwanza, yule mwanaume mpya anakufa kabla ya mwisho, halafu familia inaungana. Utafikiri tetemeko limetumwa kupatanisha ndoa! Mamilioni wamekufa, lakini sisi tunaambiwa tufurahi kwa sababu mama amerudi kwa baba.

Kuna jambo lingine. Picha hizi za kompyuta hutengenezwa kwa miezi mingi, mara nyingi na makampuni kadhaa, kila moja na kipande chake. Wimbi kubwa likishaagizwa, hadithi inapaswa kupita pale wimbi lilipo. Ni kama kujenga paa kwanza, halafu kutafuta nyumba ya kuingiza chini yake. Na hao mafundi wenyewe hawafaidi sana. Februari 2013, kampuni ya Rhythm & Hues ilitangaza kufilisika, na mwezi huohuo kazi yake katika *Life of Pi* ikashinda Oscar ya picha za kompyuta. Filamu ile ilikuwa na nini? Kijana mmoja, mtumbwi mmoja, chui milia mmoja. Ufundi ulikuwa mkubwa sana, lakini ulikuwa unamtumikia kijana.

Wakifa wote, hajafa mtu

Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Kalemie majengo yalianguka, na huku kwetu ardhi ilitikisika. Nilikuwa na miaka minane, nasoma zamu ya mchana. Mukiniuliza leo nakumbuka nini, sikumbuki mlio. Nakumbuka mwalimu wetu, mtu mkali ajabu, alitupa chaki na kutoka mlangoni kabla yetu sote. Kesho yake aliingia darasani polepole, na siku nzima hakumgombeza mtoto. Alikuwa anatuonea haya, na sisi tulikuwa tunamwonea huruma bila kujua jina la kitu kile.

Hakuna kompyuta inayoweza kunipa hiyo. Maafa, kwa mtu aliyemo ndani yake, hayana ukubwa wa mji. Yana ukubwa wa mlango, wa mtu uliyemshika mkono, wa mtu uliyemwacha. Filamu kubwa inaweka kamera juu angani, mahali ambapo ni ndege tu anaweza kusimama, halafu inatuonyesha majengo mia yanaanguka. Kutoka huko juu watu ni chungu. Nani anamlilia chungu?

Na hata ikishuka chini, inamfuata akteri mmoja. Kwetu mtoto wa miaka sita anajua: akteri hakufake. Shefu bandi atakufa, rafiki wa akteri atakufa, lakini akteri yuko na mkataba. Kwa hiyo hofu inaisha dakika ya kumi. Katika *San Andreas*, akteri ni mwokoaji wa serikali mwenye helikopta ya serikali. Mji mzima unaungua, naye anaelekeza helikopta kwa mke wake na mtoto wake. Mimi sina ugomvi na mtu anayeokoa familia yake. Lakini kwetu mtu akifanya hivyo na mtumbwi wa kijiji, hiyo ndiyo ingekuwa hadithi yenyewe: angeishije baadaye na wale aliowapita? Filamu haikuuliza. Ilikuwa na haraka ya kufika kwenye wimbi lijalo.

Linganisheni na *Titanic* ya James Cameron ya mwaka 1997. Nayo iligharimu kama dola milioni 200, nayo ina maji mengi. Lakini meli inagonga barafu baada ya zaidi ya saa moja na nusu. Muda wote huo tunajifunza nani analala chini, nani anakula juu, nani ana deni la mdomo kwa nani. Maji yakiingia, kila chumba tunakijua. *The Impossible* ya mwaka 2012, juu ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 kule Thailand, inaonyesha wimbi mapema, kwa muda mfupi, halafu saa nzima na zaidi ni mama mwenye mguu uliochanika na mtoto anayetafuta majina ya watu hospitalini. *Bølgen* ya Norwe, ya mwaka 2015, ilitengenezwa kwa pesa ndogo sana kando ya zile za Hollywood. Wimbi lake ni moja tu. Kijiji kina dakika kumi za kukimbia, na unaanza kuhesabu dakika hizo mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Wale wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili walijua jambo hili zamani. Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya na wenzao, watu waliwapenda juu ya nini? Siyo tafsiri sahihi! Nakumbuka kwenye sine ya utotoni mwangu, sauti moja kutoka ng'ambo ya ziwa ilimwona mwanamke anayekimbia nyuma kabisa ya picha, mtu asiye na jina, ikasema: huyu mama ameacha sufuria kwenye moto, mume atamuliza nini? Ukumbi mzima ukamwangalia mwanamke yule. Msimulizi alikuwa anaongeza kile kirutubisho kilichokosekana.

Maji yasiyo na mahali yanapotoka

Kuna pengo moja linaloniuma zaidi kama mtu wa kilimo. Katika nyingi ya filamu hizi maafa yanatoka juani, mwezini, au katikati ya dunia. Hayana mkono wa mtu. Hayana jana. Yanaanza mchana mmoja na mlio mkubwa, na mwanasayansi mwenye miwani anasema: tuko na saa mbili.

Kwetu hayaji hivyo. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, mafuriko na matope yaliua watu zaidi ya 400. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, hapa kwetu Fizi, mto Kasaba ulifurika na kusomba kijiji cha Kasaba kando ya ziwa. Makumi ya watu walikufa, wengi wakiwa usingizini. Kasaba hufikiwi ila kwa njia ya ziwa, na simu hazikupata mtandao kule. Habari ilifika kwa mtumbwi. Mvua ilikuwa nyingi, ndiyo. Lakini mlima uliovuliwa miti kwa ajili ya makala na mashamba hauwezi kushika maji. Maji yanakimbia juu ya udongo badala ya kuingia ndani, yanabeba mawe, na chini wanakuta nyumba zimejengwa mdomoni mwa mto, kwa sababu ndipo ardhi tambarare ilipo. Hiyo ni miaka ishirini ya hadithi kabla ya usiku mmoja. Filamu inatuuzia usiku peke yake.

Na inamalizika mapema. Mnakumbuka mwisho wa *2012*? Maji yanashuka, na meli za waliookoka zinaelekea Afrika, Rasi ya Tumaini Jema, kwa sababu bara letu halikuzama. Jua linawaka, muziki unapanda, mwisho. Mzee mmoja pale ukumbini aliuliza kwa sauti: "Na wenye udongo je, waliwauliza?" Watu walicheka, lakini hilo ndilo swali zuri kuliko yote ya usiku ule. Sisi wa Fizi tangu mwaka 2015 tuko na kambi ya Lusenda ya ndugu zetu wakimbizi wa Burundi. Tunajua kwamba mtu akishafika, ndipo mambo yanapoanza: shamba ni la nani, kisima kinatosha wangapi, mtoto atasoma wapi. Filamu inazima taa pale ambapo hadithi ya kweli inafungua mlango.

Sasa ninaelewa nilichokosea. Nilitaka watu waone kijito chao, nikawaonyesha maji ambayo hayana mlima, hayana makala, hayana jirani. Maji ya namna hiyo hakuna jembe linaloweza kuyafanya lolote. Waliitikia sawasawa: walipiga makofi.

Mahali pa kuanika ndagala

Baada ya Kasaba, watu wa Swima hawakuwa na hamu ya filme. Sikukodi ukumbi. Nilimwomba mama mkubwa, dada wa mama yangu, atuongoze kando ya ziwa siku moja saa kumi. Yeye hajasoma sana. Maisha yake yote ameanika ndagala.

Alisimama ndani ya maji mpaka magotini, akaonyesha na fimbo mbele zaidi, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mawimbi. "Kule njo nilikuwa naanika wakati nilioleka." Akarudi nyuma hatua nyingi. "Mwaka ile ya corona, nilianika hapa." Akarudi tena, tukapita ukuta wa jiko lililoanguka. "Hapa mwaka jana." Halafu akatembea mpaka kando ya barabara kubwa, pale zilipo nyavu zake sasa, magari yakizitupia vumbi. Akageuka, akatazama mlimani, kule matope yanakotoka. Akauliza: "Nikitoka hapa, nitaenda wapi?"

Hakukuwa na muziki. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee yule wa swali la Afrika alivua kofia, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo ni hatua ngapi kutoka barabarani mpaka kijitoni.

Mvua ziliporudi, Septemba, siku ya posho walikuja watu kumi na saba, mmoja akiwa na jembe la kuazima. Tulipanda mistari minne ya vetiva. Ni kidogo, mlima ni mkubwa, na sitawadanganya kwamba mistari minne inazuia mto. Bado ninapenda filme, na *part two* ikitoka nitaitazama. Ila siku ile mlimani, mpaka jua linazama, hakuna aliyeniuliza juu yake.